Waya za pesimeka zinapotakiwa kutolewa: piga hesabu ya hatari ukiwa bado nyumbani

Simu zenyewe zinafanana. Inatoka Busia, au Arua, au Mutukula: "Sista, habari ya kazi. Wamesema mzee atolewe waya za moyo. Si wanazivuta tu zinatoka?" Kabla sijamaliza kueleza, swali la pili limeshanikatiza: "Sasa kama ni kuvuta tu, mbona wanataka damu chupa nne na daktari wa kupasua kifua?"

Nauguza wagonjwa wa moyo hapa Kampala, na nimechoka kujibu haya vipande vipande kwenye simu inayokatikakatika. Nimeyaandika hapa yote. Daktari anayetoa waya ana vitabu vyake. Huu ni mwongozo wako wewe mwenye pesimeka, ile mashine ndogo inayousaidia moyo kupiga, au wewe mtoto, mke au shemeji unayemuuguza. Ukiufuata, utafika kliniki na ukurasa mmoja wenye majibu ambayo bila hivyo yangetafutwa siku mbili.

Kusanya hivi kwanza

- Kadi ya pesimeka, ile ndogo uliyopewa siku ya kuwekewa. Kama betri ilishabadilishwa, tafuta na kadi ya zamani.
- Fomu zote za kuruhusiwa hospitalini, hata zilizochakaa.
- Picha za eksirei za kifua, za zamani na mpya.
- Dawa zote anazomeza, kwenye mfuko mmoja, na paketi zake. Usiniletee majina ya kukumbuka kichwani.
- Daftari na kalamu.
- Picha za simu za mahali pesimeka ilipo, zenye tarehe, kama ngozi imebadilika.
- Watu wawili watatu wenye afya walio tayari kutoa damu.

Nadharia kidogo tu

Pesimeka ni kijisanduku chenye betri chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya moja, mbili au tatu zinazopita ndani ya mshipa mpaka upande wa kulia wa moyo. Kijisanduku kukitoa ni kazi ndogo. Shida ni waya.

Umewahi kuona mti uliomeza waya wa ua? Mwaka wa kwanza waya umeegemea tu gome. Baada ya miaka kumi uko ndani ya mti, na ukiuvuta kwa nguvu unatoka na gome lake. Mwili hufanya hivyo hivyo. Kovu huota kuizunguka waya mahali inapoingilia kwenye mshipa, kwenye vena kuu iliyo juu ya moyo, na pale ncha ilipojishikiza ndani ya moyo. Ukuta wa vena hiyo ni mwembamba. Ukichanika, damu humwagika kifuani kwa dakika chache. Moyo ukitoboka kwenye ncha, damu hujaa kati ya moyo na utando wake, na moyo unabanwa ushindwe kupiga. Ndiyo maana ya zile chupa nne na yule daktari wa kifua.

Ila usikimbie bado. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Ulaya uitwao ELECTRa, wa wagonjwa zaidi ya 3,500. Madhara makubwa yaliyotokana na kutoa waya yalikuwa asilimia 1.7, na vifo vilivyotokana na kazi hiyo asilimia 0.5, yaani watu watano kati ya elfu moja. Hizo ni hospitali za Ulaya zilizozoea kazi hiyo, kwa hiyo usizichukue kama ahadi. Zichukue kama kipimo cha mahali unapoanzia, kisha hatua zinazofuata zikuonyeshe mgonjwa wako yuko juu au chini ya hapo.

Hatua ya 1: Uliza kwa nini waya zinatolewa

Andika sababu kwa neno moja juu ya ukurasa. Zipo nyingi, ila kwako zigawe mara mbili: kuna maambukizi, au hakuna.

Kukiwa na maambukizi, usaha, ngozi iliyopasuka chuma kikaonekana, au wadudu kwenye damu, basi kijisanduku na waya zote hutoka. Antibiotiki peke yake hazimalizi kazi, kwa sababu wadudu hujificha kwenye plastiki ya waya ambako dawa haifiki vizuri. Wapo wanaopewa vidonge wiki mbili, kidonda kinafunga, wanashangilia, mwezi wa tatu kinafumuka tena. Kila mwezi unaopita hivyo mgonjwa anadhoofika, na mgonjwa dhaifu ndiye mwenye hatari zaidi.

Kama hakuna maambukizi, tuseme waya imekatika au haifanyi kazi tena, una haki ya kuuliza: tukiiacha mahali pake na kuongeza nyingine, itakuwaje? Wakati mwingine kuiacha ndilo jibu zuri, hasa kwa mzee sana. Kwa kijana wa miaka 25 hesabu inageuka, maana waya inayoachwa leo itakuwa na miaka ishirini siku itakapolazimu kuitoa.

Hatua ya 2: Tafuta umri wa waya

Kama utafanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii. Umri wa waya una uzito kuliko umri wa mwenye waya. Mzee wa miaka 82 mwenye waya ya miaka mitatu mara nyingi ni kazi nyepesi kuliko mama wa miaka 40 mwenye waya ya miaka kumi na tano. Na vijana hawana nafuu hapa: kovu lao huota kwa nguvu na hukauka kama chokaa mapema.

Andika hivi:

- Chini ya mwaka 1: mara nyingi hutoka kwa kuvutwa polepole.
- Mwaka 1 hadi 10: tegemea vifaa maalumu.
- Zaidi ya miaka 10: weka alama nyekundu. Waya za umri huu ndizo zilizoleta madhara zaidi kwenye tafiti, na ndizo zinazokataa kutoka zote.

Kosa ninaloliona kila mara: watu husoma tarehe ya betri. Betri hubadilishwa, waya hubaki. Mama mmoja, mfanyabiashara wa mukene (dagaa), alikuja na kadi yake kaifunga kwenye mfuko wa sukari, safi kabisa, imeandikwa 2019. Tukafurahi. Eksirei ikatoka na waya tatu badala ya mbili. Kumbe mwaka 2008 aliwekewa ya kwanza, ikaharibika, ikaachwa, naye alishasahau kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mpango wote wa siku hiyo ulibadilika kwa ajili ya mstari mmoja mweupe kwenye eksirei.

Hatua ya 3: Hesabu waya na ujue ni za aina gani

Shika eksirei kwenye mwanga wa dirisha, fuata kila mstari kuanzia kwenye kijisanduku. Mstari usiofika kwenye kijisanduku ni waya iliyoachwa, iandike. Kila waya ya ziada inaongeza kovu, kwa sababu hushikana zenyewe kwa zenyewe kama kamba zilizolowa.

Kisha uliza daktari mambo mawili. Hii ni pesimeka ya kawaida, au ni ile mashine inayoushtua moyo? Waya za mashine ya kushtua ni nene na zina koili (sehemu iliyozungushwa kama springi), na yenye koili mbili inashikwa na kovu mpaka kwenye vena kuu, mahali pabaya kuliko pote. Pili, ncha imeshikizwa kwa skrubu au kwa vijimeno? Ya skrubu inaweza kufunguliwa. Ya vijimeno hukwama zaidi.

Hatua ya 4: Andika hali ya mwili wa mgonjwa

Hapa watu huandika "presha" wakaishia hapo. Yanayotakiwa ni haya:

*Uzito na urefu.* Zidisha urefu wa mita kwa wenyewe, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo. Yule mama wa mukene alikuwa na kilo 47 na mita 1.62, 1.62 mara 1.62 ni 2.62, na 47 ukigawa kwa 2.62 unapata karibu 18. Kwetu watu hudhani mnene ndiye atakayepata taabu mezani. Utafiti wa LExICon wa mwaka 2010, wa waya zilizotolewa kwa leza, ulikuta kinyume: walio chini ya 25 ndio waliopata madhara zaidi.

*Jinsia.* Wanawake wameonekana kwenye tafiti mbalimbali kupata madhara zaidi.

*Figo na sukari.* Omba kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo, na cha sukari, uandike namba zenyewe. Katika utafiti huo wa 2010, wagonjwa wote waliofia hospitalini kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 1.86. Kwa wale ambao maambukizi yalishafika ndani ya moyo ikawa asilimia 4.3, wakiwa na kisukari pia, 7.9, na wenye maambukizi hayo ambao kreatinini ilikuwa 2.0 au zaidi, 12.4. Maabara nyingi hapa huandika kwa kipimo kingine, kwa hiyo 2.0 utaiona kama 177 hivi. Zisome tena hizo namba. Maambukizi na figo ndivyo vilivyowaangusha wengi wao, na vyote viwili vinazidi ukichelewa.

*Moyo wenyewe.* Je, unapiga bila pesimeka? Kama hapana, andika kwa herufi kubwa: MOYO UNATEGEMEA MASHINE. Huyo lazima awekewe waya ya muda kabla ya zile za zamani kuguswa.

Hatua ya 5: Homa isiitwe malaria kwa mazoea

Hapa nchini homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi tunapatia. Ila mwenye pesimeka akipata homa inayorudi, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, acha kumpa dozi ya tatu ya dawa ya malaria. Aende achukuliwe damu ya kuoteshwa maabara, angalau mara mbili kutoka sehemu tofauti za mwili, KABLA ya antibiotiki. Dozi moja ya antibiotiki ikitangulia, maabara inaweza isiote kitu, na daktari anabaki kupiga ramli.

Onyo: uvimbe juu ya pesimeka usitobolewe. Usitiwe sindano kunyonya maji, usipakwe dawa ya mitishamba, asali wala majivu. Nimempokea kijana ambaye kliniki moja ya mtaani ilimpasua "jipu" kwa wembe. Jipu lenyewe lilikuwa pesimeka. Na kama ngozi imetoboka chuma kinaonekana, hata pakiwa pakavu pasipo usaha, hesabu kwamba maambukizi yapo.

Onyo la pili, na hili nalisema kwa hasira kidogo: usikubali waya zikatwe kwenye mtulinga na ngozi ishonwe juu yake ili "mambo yaishe". Ncha iliyokatwa hurudi ndani ya mshipa, na atakayekuja kuitoa hana pa kuishikia.

Hatua ya 6: Uliza hospitali maswali haya

Rufaa nyingi za moyo huishia Uganda Heart Institute, kwenye eneo la Hospitali ya Mulago. Unaweza pia kushauriwa kwenda Nairobi au India. Popote, maswali ni haya, na daktari mzuri hatachukia kuulizwa:

1. Nani atapasua kifua kama mshipa ukichanika, na siku hiyo atakuwa wapi? Jibu unalotaka ni "mle mle ndani, vifaa viko wazi". "Yuko kwenye simu" si jibu, maana hizi ni dakika, na foleni ya kutoka Ntinda mpaka Mulago saa kumi na moja jioni unaijua mwenyewe.
2. Kazi hii mnaifanya mara ngapi kwa mwaka? Katika ELECTRa, hospitali zilizozoea zilikuwa na madhara makubwa, kwa sababu zozote, asilimia 2.4, zile zinazofanya chache, asilimia 4.1.
3. Mtatumia vifaa gani? Kuna uzi wa chuma unaoingizwa ndani ya waya ukajifungia humo, kisha ala inayopitishwa juu ya waya, kama ala ya kisu, kuachanisha kovu. Nyingine ni za leza, nyingine za kuzungushwa. Kama wapo wanaotegemea mikono tu kwa waya ya miaka kumi na mbili, ondoka kwa heshima.
4. Kuna puto la kuziba vena kuu ikichanika? Lilianza kutumika mwaka 2016, na hununua muda wa kufungua kifua.
5. Moyo utaangaliwa kwa eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) wakati kazi inaendelea?
6. Je, mishipa imepimwa kama imeziba? Mshipa ulioziba, na kulazimika kuingilia kwenye paja kuinasa waya kwa kitanzi, ni dalili kwamba kazi imekuwa ngumu.

Usiulize yote kwa mkupuo kama polisi. Anza na la kwanza. Yanayofuata huja yenyewe.

Hatua ya 7: Damu na dawa

Damu ya benki ya damu ya Nakasero haitolewi kama soda dukani. Wapeleke wachangiaji mapema, na hakikisha kundi la damu la mgonjwa limepimwa na chupa zimetengwa kwa jina lake kabla hajaingia.

Kama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mwenyewe na asiendelee kimya kimya. Daktari atatoa tarehe ya kusimamisha na kipimo cha INR (kasi ya damu kuganda) cha siku ya mwisho. Mwenye valvu ya chuma ana mpango wake tofauti. Kuacha kiholela kunaweza kumletea kiharusi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Asile tangu saa atakayoambiwa. Atanyolewa na kupakwa dawa kuanzia shingoni mpaka mapajani, kifua chote. Jamaa wakiona hivyo hulia, wakidhani mpango umebadilika. Haujabadilika. Wanaandaa kifua ili kisije kikahitajika wakati hakijaandaliwa. Kwa kawaida atalazwa usingizi kamili. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua tano.

Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Kama sababu ilikuwa maambukizi, mashine mpya haiwekwi papo hapo wala upande ule ule. Husubiriwa damu iliyooteshwa ioneshe kuwa safi kwa angalau saa 72, kisha huwekwa upande wa pili. Antibiotiki za mshipa zinaweza kuendelea wiki kadhaa, kwa hiyo panga mahali pa kulala Kampala. Mtu wa Arua hawezi kusafiri kilomita karibu 500 kila siku ya sindano. Na kabla ya mashine mpya uliza kama bado anaihitaji. Wengine hawaihitaji tena.

Mambo yakienda kombo

*Kadi imepotea.* Rudi hospitali alikowekewa uombe faili. Ikishindikana, piga eksirei ya karibu ya kijisanduku: juu yake kuna alama ya mtengenezaji, na mafundi huitambua. Umri wa waya utakadiriwa kwa kumbukumbu za familia. Uliza, "Aliwekewa kabla au baada ya kuzaliwa kwa nani?" Inafanya kazi vizuri kuliko kuuliza mwaka.

*Ukoo umegawanyika.* Kaka mkubwa anasema mzee aachwe apumzike. Waonyeshe ukurasa wako. Kisha mwombe daktari aseme mbele yao hatari mbili kwa pamoja: ya kutoa, na ya kutotoa. Wengi husikia ya kwanza tu.

*Presha imeshuka ghafla, pumzi fupi, kifua kinauma, saa chache baada ya kazi.* Mwite muuguzi sasa hivi, usingoje raundi. Damu inaweza kuwa inajikusanya kwenye utando wa moyo.

*Mkono umevimba upande wa waya siku kadhaa baadaye.* Mara nyingi ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Usiukande. Arudi apimwe.

*Miguu inaanza kuvimba, anachoka kuliko kabla.* Valvu ya upande wa kulia inaweza kuwa imejeruhiwa waya ikitoka. Aombewe eko.

*Homa imerudi nyumbani.* Rudi hatua ya 5, usipitie duka la dawa.

*Wamesema kipande kimebaki ndani.* Kipande kifupi, chini ya sentimita nne, kwa mtu asiye na maambukizi mara nyingi huachwa bila shida. Kwa aliyekuwa na maambukizi, uliza mpango ni upi na atafuatiliwa vipi. Vyovyote vile omba kiandikwe kwenye fomu ya kuruhusiwa: urefu, mahali kilipo, tarehe. Piga picha ya hiyo fomu, uitume kwenye simu za watoto watatu tofauti. Mwaka 2040 kutakuwa na sista mwingine ameshika eksirei dirishani, anajiuliza ule mstari mweupe ni wa nini.